Pono ya Hawaii si samaki: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Dada yangu anayeishi Marekani aliniletea sarafu ya robo dola yenye picha ya mtu aliyenyoosha mkono, na pembeni yake maneno “Ua mau ke ea o ka ʻāina i ka pono”. Aliniambia kuwa ni Kihawaii. Nilipolitafuta neno la mwisho nilikuta maana zisizoshikana: haki, wema, ustawi, lazima, uangalifu, mali, vifaa, hata kuweka nyumba katika mpangilio. Huku kwetu pono ni samaki, na mtu anayelala fofofo husemwa ana usingizi wa pono. Je, neno moja linawezaje kubeba yote hayo? Je, lina udugu na “pono” au “pona” ya Kiswahili? Na nimfasirie vipi mwanangu maneno ya kwenye sarafu?

Jibu: Nianze na lililo jepesi. Pono wa Tanga na pono ya Hawaii hawajuani. Kiswahili ni Kibantu, na kitenzi “pona” ni cha Kibantu, ilhali Kihawaii ni lugha ya Kipolinesia, tawi la familia ya Kiaustronesia ambayo wasemaji wake wa mwanzo walitoka Taiwan maelfu ya miaka iliyopita, wakatawanyika kwa vyombo vya baharini mpaka kisiwa cha Rapa Nui upande wa mashariki na Madagaska upande wa magharibi. Ukitaka ndugu wa Kihawaii aliye jirani yako, basi vuka mkondo wa Msumbiji: Mmalagasi huita mbingu “lanitra” na Mhawaii huita “lani”, jicho kwa Mmalagasi ni “maso” na kwa Mhawaii ni “maka”, tano kwa wa kwanza ni “dimy” na kwa wa pili ni “lima”. Tena wataalamu wengi wa vyombo vya baharini huona kwamba ngalawa yetu, kwa yale matengo yake mawili, imerithi ufundi wa mabaharia hao hao. Kwa hiyo ngalawa ya Tanga huenda ina udugu na Hawaii zaidi ya samaki anayevuliwa nayo.

Kufanana kwa matamshi kuna sababu nyingine. Kihawaii kina irabu 5, zilezile za Kiswahili, na konsonanti 8 tu, mojawapo ikiwa ule mkato wa sauti kooni unaoandikwa kwa alama mfano wa koma iliyogeuzwa, ambao msomaji aliyepita chuoni ataufahamu mara moja kwa jina la hamza. Kila silabi huishia kwa irabu, na konsonanti mbili hazifuatani kamwe. Tukiweka kando urefu wa irabu na zile zinazoungana, silabi zinazowezekana ni 45. Lugha mbili zinazopenda silabi wazi, moja ikiwa na akiba ndogo kiasi hicho, lazima zigongane hapa na pale, na mgongano huo haumaanishi chochote. Tutakutana na mgongano mwingine wa kuchekesha zaidi tukifika kwenye maneno ya sarafu.

Akiba hiyo ndogo ya sauti ndiyo inayowafanya wengi wadhani kwamba pono ni rundo la maneno tofauti yaliyojikuta chini ya paa moja. Jambo la namna hiyo lipo, nasi tunalijua tangu shule ya msingi: “kaa” la moto, “kaa” wa baharini na “kaa” kwenye kiti hayana asili moja, na “paa” wa porini hana uhusiano na “paa” la nyumba. Kihawaii nacho kina mifano yake. “Lā” ni jua na siku, na “lā” nyingine ni tanga la chombo, maneno mawili ya kale yaliyochakaa mpaka yakasikika sawa. Pono haimo katika kundi hili. Hoja yangu katika jibu hili lote ni kwamba pono ina maana moja, nayo ni jambo kuwa katika hali inayolipasa. Kinachoonekana kuwa maana kumi ni maana hiyo moja ikitazamwa kutoka mahali tofauti ndani ya sentensi na ndani ya maisha ya watu.

Ushahidi wa kwanza unatoka nje ya Hawaii. Wamaori wa New Zealand, walio umbali wa kilomita zipatazo 7,000 kutoka Honolulu, wana neno hilo hilo, “pono”, nao hulitumia kwa maana ya kweli, ya dhati, isiyo na hila. Wakiliongezea kiambishi “whaka”, chenye kazi kama ya mnyambuliko wetu wa kutendesha, wanapata “whakapono”, yaani kuamini, na kwa hiyo imani, hata dini. Kiambishi hicho kwa Kihawaii ni “hoʻo”, na “hoʻopono” ni kuenenda kwa uadilifu. Tofali ni zilezile, nyumba zilizojengwa ni mbili: mmoja aliona kwamba kukichukulia kitu kuwa kweli ndiyo imani, mwenzake akaona kwamba kujiweka katika hali ya kweli ndiyo uadilifu. Mti uliotoa matawi hayo ulikuwa mmoja, na ulikuwepo kabla mababu hawajaachana.

Ushahidi wa pili umo ndani ya sarufi, na hapa Mswahili ana bahati kuliko wengi wanaojifunza neno hili, kwa sababu tunacho kitenzi kinachokaribia sana kufanya kazi hiyo. Chukua “kupasa”. Tunasema “inakupasa uende”, na hapo ni wajibu. Tunasema “angalia ipasavyo”, na hapo ni uangalifu. Tunasema “jambo linalopasa”, na hapo ni sifa ya kitu. Mzizi ni mmoja, ila viambishi vinavyouzunguka ndivyo vinavyotuambia tuko wapi. Kihawaii hakina shehena hiyo ya viambishi; kazi hufanywa na nafasi ya neno. Pono ikitangulia mbele ya sentensi, “Pono ʻoe e hele”, maana yake ni kwamba inakupasa uende, huna budi. Ikifuata kitenzi, “E nānā pono”, maana yake ni tazama vizuri, tazama kwa makini. Ikifuata nomino, “he aliʻi pono”, ni mtawala mwadilifu. Ikiwekewa kibainishi mbele, “ka pono”, inakuwa nomino: haki, wema, ustawi, kile kilicho sawa. Na ukisikia mtu amejibu “Ua pono”, amekubali tu; ni kama kusema “ni sawa”, “imekaa vizuri”. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Mtunga kamusi ndiye aliyelazimika kuzipanga nafasi hizo kwa nambari, maana kamusi haiwezi kuandika “inategemea imekaa wapi” kisha ikaenda zake. Kamusi ya Mary Kawena Pukui na Samuel Elbert, iliyotoka mara ya kwanza 1957 na ambayo mpaka leo ndiyo tegemeo la wanafunzi wengi, inazipanga kwa mtindo huo, nayo imefanya haki; anayekosea ni msomaji anayezichukua nambari hizo kuwa kuta.

Sasa lirudie neno mara mbili. Sisi tuna “sawa” na “sawasawa”, wao wana “pono” na “ponopono”. Ponopono ni kuwa katika mpangilio, kila kitu mahali pake, na hii ndiyo ile maana ya nyumba nadhifu iliyokushangaza. Ongeza kiambishi cha kutendesha na unapata “hoʻoponopono”, ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri bila kusita kuwa kusawazisha, au bora zaidi, kutengeneza. Nasema bora zaidi kwa sababu wazee wetu walikuwa na “kutengenea”, kitenzi ambacho vijana wamekisahau, chenye maana ya kuwa katika hali nzuri inayostahili: mambo yametengenea, mtoto ametengenea. Tumebaki na “tengeneza”, tukalifanya liwe la mafundi wa baiskeli, lakini mama yake ndiye pacha wa pono katika lugha yetu. Anayetafuta neno moja la Kiswahili la kuweka mahali pa pono, aanzie hapo kabla hajakimbilia “haki”.

Hoʻoponopono ilifanya kazi nyingi. Sheria za Kamehameha III, mfalme wa Hawaii, zilizochapwa 1839 zilihusu, kwa jina lake, “hoʻoponopono waiwai”, yaani kuweka mali na umiliki katika utaratibu. Magazeti ya Kihawaii, ambayo yalianza 1834 katika shule ya Lahainaluna kisiwani Maui na kufikia takriban 100 kabla la mwisho halijafungwa 1948, yalimwita mhariri “luna hoʻoponopono”, msimamizi wa kuweka mambo sawa, na barua za wasomaji zilikuwa zikianza kwa kumwita kwa cheo hicho. Mimi niliyewahi kukatiwa makala nusu nzima na mhariri ambaye hakunipa sababu, nalikubali jina hilo kwa shingo upande.

Lakini kazi iliyolitangaza neno hili duniani ni ile ya kupatanisha jamaa, na inafaa niieleze kwa urefu, maana humo ndimo pono inapoonekana kwa macho. Nyumba imeingiwa na ugomvi. Labda ndugu wawili hawasemeshani, labda mtoto anaumwa na wazee wanahisi kuna jambo lililofichwa. Jamaa huitwa wakae pamoja, na mbele yao hukaa “haku”, mzee wa ukoo au mtu wa nje anayeheshimiwa na pande zote. Hufunguliwa kwa dua, “pule”. Kisha tatizo hutajwa wazi, ili kila aliyepo ajue wamekuja kutafuta nini. Hapo huanza kazi inayoitwa “mahiki”, ya kubandua tabaka moja baada ya jingine kama mtu anayemenya kitunguu, kwa kuwa ugomvi wa leo una mzizi katika neno la mwezi uliopita, na neno hilo lina mzizi katika shamba la miaka ile. Wasemaji hawajibizani, kila mmoja humwelekea haku, na haku ndiye anayeuliza, ili hasira isipate njia ya kupita moja kwa moja kutoka mdomo hadi sikio. Sauti zikianza kupanda, haku hutangaza “hoʻomalu”, ukimya, na watu hukaa kimya mpaka waweze tena kusema kama watu.

Msamiati wa kikao hicho wote ni wa kamba na nyuzi. Kosa ni “hala”, nalo huchukuliwa kuwa kamba inayowafunga wawili, aliyekosa na aliyekosewa, kwa pamoja. Anayeshikilia chuki amefungwa sawa na aliyeitia. Mtatano unaotokea watu wa pembeni wanapojiingiza ni “hihia”, fundo la nyuzi ambalo hujui ncha yake iko wapi. Aliyekosa hukiri na kuomba radhi, “mihi”, na pande zote mbili hufunguana. Neno la kufungua ni “kala”, lile lile la kufungua kamba iliyokazwa. Mwisho jambo hukatwa lisirudiwe tena, hufungwa kwa dua, na watu hula pamoja. Yeyote aliyewahi kuketi katika kikao cha wazee cha kusuluhisha wanandoa ataona mengi anayoyafahamu, hadi chakula cha mwisho. Tofauti ninayoiona ni kwamba sisi tunasema “tumepatana”, neno linalowatazama watu wawili, ilhali wao husema kwamba mambo yamerudi kuwa pono, neno linaloitazama hali yenyewe iliyokuwa imeharibika.

Nikutahadharishe hapa, kwa kuwa ukiandika hoʻoponopono kwenye simu yako utaletewa kitu kingine kabisa: sentensi fupi nne za kuomba radhi na kushukuru, ambazo mtu huzirudia peke yake chumbani. Njia hiyo imetokana na Morrnah Simeona, tabibu wa Kihawaii aliyeigeuza desturi ya ukoo katika miaka ya 1970 na 1980 iwe tiba ya mtu mmoja, kisha waliomfuata wakaipunguza zaidi. Simkatazi mtu kupumzisha moyo wake apendavyo, ila desturi ya kikao haina sura ya mtu mmoja. Bila wa kumfungua, hakuna kamba iliyofunguliwa.

Kuhusu vifaa na mali sina haja ya kukaa sana. “Pono lawaiʻa” ni zana za uvuvi, kwa maana ya vitu ambavyo kazi hiyo inavihitaji ili iwe kazi kamili. Mvuvi asiye na nyavu wala ndoano hajatengenea. Hapo maana ya “lazima” na maana ya “vifaa” zimekutana, kama vile kwetu “mahitaji” ni hali ya kuhitaji na pia ni kapu la vitu vya dukani.

“Ponoʻī” ndiyo huwachanganya wanafunzi, kwa sababu ina maana ya “mwenyewe”, “wa mtu mwenyewe”, na haionyeshi mara moja imefikaje huko. Utaikuta katika wimbo wa taifa wa ufalme wa Hawaii, “Hawaiʻi Ponoʻī”, ambao maneno yake yalitungwa na Mfalme Kalākaua 1874 na muziki na Henri Berger, na ambao tangu 1967 ndio wimbo rasmi wa jimbo. Jina hilo linawaita Wahawaii wenyewe, wana wa nchi hasa. Na neno letu “hasa” ndilo linalofungua fumbo: tunasema “yeye hasa” tukimaanisha mtu mwenyewe, na “fundi hasa” tukimaanisha aliye fundi inavyopasa. Kinachokupasa na kilicho chako vinakaa jirani katika fikra za watu, na lugha nyingi zimevuka uzio huo.

Sasa nifike kwenye haki, ambayo ndiyo tafsiri utakayoikuta kwanza. Wamisionari kutoka New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, walitua Hawaii 1820, miezi michache tu baada ya watawala kuivunja wenyewe miiko ya kale, iliyoitwa “kapu” kwa Kihawaii, mwaka 1819. Wakaiandika lugha, wakatafsiri Biblia, na Biblia nzima ikawa imechapwa kufikia 1839. Walipofika Mathayo sura ya 5, pale penye wenye njaa na kiu, waliandika kwamba njaa na kiu hiyo ni ya “pono”. Fungua Biblia yako ya Kiswahili mstari huo huo: “Heri wenye njaa na kiu ya haki.” Watafsiri wa pande mbili za dunia, mbele ya neno moja la Kigiriki, walichagua mmoja pono na mwingine haki, na wote wawili walichagua vizuri kadiri lugha zao zilivyowaruhusu.

Hata hivyo maneno hayo mawili hayaelemei upande mmoja. Haki, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, inaelekea kwa mtu na dai lake: haki yangu, haki za binadamu, nimedhulumiwa haki. Pono inaelekea kwenye hali ya mambo. Kabla ya wamisionari, mtawala, “aliʻi”, alikuwa pono ikiwa uhusiano wake na miungu, ardhi na watu ulikuwa umekaa sawa, na dalili zake zilionekana: mvua, samaki, magimbi, watu wenye afya. Njaa na ukatili vilikuwa ushahidi kwamba kuna kilichovurugika juu, na wakulima hawakufungwa kwenye ardhi ya bwana mmoja; waliweza kuondoka wakahamia kwa mwingine. Ukilifahamu hilo unaelewa pia kwa nini watawala wa miaka ya 1820, walioshuhudia watu wao wakipukutika kwa maradhi yaliyoletwa na meli tangu kuja kwa baharia Mwingereza James Cook 1778, waliyasikiliza mafundisho mapya kwa makini kiasi kile. Pono ya zamani ilikuwa haioneshi matunda, na hapa walikuja watu waliodai wanayo nyingine. Tangu hapo neno limebeba mizigo miwili, wa mvua na wa mimbari, na mara nyingi huwezi kujua msemaji wa karne ya 19 ameshika upi. Mimi hudhani kwamba mara nyingi aliishika yote miwili bila kuona tatizo.

Jambo moja la kutofautisha, ili usije ukalitumia pono mahali pasipo pake. Jibu sahihi la hesabu si pono. Ni “pololei”, kitu kilichonyooka. Usawa kama wa mizani iliyosimama una neno lake, “kaulike”. Lakini mtu aliyesimama wima katika mwenendo ni “kūpono”, kutokana na “kū”, kusimama, na neno hilo hilo hutumika kwa nguzo iliyosimama wima. Sisi nasi tunasema mtu mnyoofu. Na kinyume cha pono ni “hewa”, yaani kosa, dhambi, uovu. Huu ndio mgongano niliokuahidi: hewa ya Kihawaii ni kosa, na hewa tunayoivuta sisi, wao huiita “ea”.

Hiyo “ea” iko kwenye sarafu yako. Ni hewa, ni pumzi, ni uhai, na kwa kuwa nchi nayo ina pumzi yake, ni mamlaka ya nchi kujitawala. Maneno hayo yana siku yake ya kuzaliwa. Februari 1843 nahodha wa Kiingereza, George Paulet, alifika Honolulu na manowari yake kwa malalamiko ya balozi mdogo wa Uingereza, akamshinikiza mfalme kwa mizinga, na tarehe 25 bendera ya Hawaii ikashushwa. Kamehameha III alikabidhi nchi huku akipinga, akapeleka malalamiko yake Uingereza. Julai akaja mkubwa wa Paulet, Admeri Richard Thomas, akalitengua tendo la nahodha wake, na tarehe 31 Julai bendera ikapandishwa tena mahali ambapo leo ni bustani inayobeba jina la admeri huyo. Siku hiyo, katika ibada ya shukrani kwenye kanisa la Kawaiahaʻo, mfalme akasema: “Ua mau ke ea o ka ʻāina i ka pono.”

Sasa tuyafungue neno kwa neno. “Ua” hutangulia kitenzi kuonyesha kwamba hali imeshafikiwa, na huenda hakuna lugha inayoitafsiri kwa wepesi kama Kiswahili, kwa kuwa ni jamaa wa kazi wa “-me-” yetu. “Mau” ni kudumu. “Ke ea” ni ile pumzi na mamlaka. “O ka ʻāina” ni ya nchi, ya ardhi inayolisha. “I” ni kwa, katika, au kwa sababu ya. Kwa mpangilio wake wenyewe: umedumu uhai wa nchi kwa pono. Tafsiri rasmi ya Kiingereza, ukiileta kwa Kiswahili, inakuwa takriban “uhai wa nchi hudumishwa kwa uadilifu”, na angalia kilichotokea: “umedumu” imegeuka “hudumishwa”. Aliyesimama kanisani alikuwa akizungumzia jambo lililotukia asubuhi ile. Tafsiri imelifanya kuwa usemi wa kutundikwa ukutani. Na “ea” iliyokuwa mamlaka yaliyoporwa yakarudishwa imebaki uhai tu, neno ambalo halimsumbui mtawala yeyote. Maneno hayo yaliingia katika nembo ya ufalme, na ufalme ulipopinduliwa 1893, kisha Marekani ikaitwaa nchi 1898, hayakufutwa. Mwaka 1959 Hawaii ilipofanywa jimbo la 50 yakawa kaulimbiu yake rasmi. Wahawaii wanaoadhimisha 31 Julai hadi leo wanaiita siku hiyo Lā Hoʻihoʻi Ea, siku ya kurudishwa kwa ea, na kwa kuichagua ea katika jina la sikukuu wamesema wanaisomaje sentensi nzima.

Na pono katika sentensi hiyo ni ipi kati ya zile zote? Kwa wamisionari waliokuwa wakisikiliza ilikuwa uadilifu wa Mungu. Kwa machifu ilikuwa hali ya nchi iliyorudi mahali pake. Kwa wanasheria wa mfalme ilikuwa haki ya taifa iliyotambuliwa na yule yule aliyeikiuka. Kihawaii hakimlazimishi msemaji kuchagua, na sioni sababu ya kumchagulia. Mwanao ningemwambia hivi: “Nchi imeendelea kupumua, kwa kuwa mambo yake yamekaa inavyopasa.” Nimeacha neno haki nje kwa makusudi, na “inavyopasa” nimeiweka kwa sababu inafika karibu zaidi na pono kuliko nomino yoyote niliyoijaribu.

Mwambie pia kwamba mtu aliyenyoosha mkono kwenye sarafu, iliyotoka mwaka 2008 ikiwa ya mwisho katika mfululizo wa sarafu za majimbo 50, si aliyeyasema maneno hayo. Yule ni Kamehameha wa kwanza, aliyeviunganisha visiwa. Msemaji ni mwanawe, Kauikeaouli, aliyetawala kwa jina la Kamehameha III.

Na akiuliza kuhusu pono wetu wa miambani, yule mwenye mdomo kama wa kasuku, huko pia yupo, wanamwita “uhu”. Wavuvi wa Kihawaii hawakumsifia usingizi. Walimtazama anavyoenenda majini ili wajue wake zao wanafanya nini nyumbani: akionekana anachezacheza na kurukaruka, ilikuwa dalili kwamba huko nyumbani hakujatulia, na mvuvi aliyeona uhu wawili wakisuguana pua aligeuza chombo akarudi kuhakikisha.